Jinsi ya kujichunguza kwa daftari bila kujidanganya

Wengi wanaonijia hapa Kigoma wakitaka kujifahamu tayari wana desturi ya kujitazama. Waislamu wa Ujiji hujihesabu nafsi kabla ya kulala, Wakatoliki hufanya utafiti wa moyo kabla ya kitubio. Nazithamini sana desturi hizo. Zenyewe zinauliza kama ulitenda mema au mabaya. Mwongozo huu unauliza jambo lingine: ulifikiaje uamuzi wako, na akili ilikupendelea wapi?

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa vya wafanyabiashara wa dagaa, kwa hiyo mifano yangu ni ya dagaa. Kama wewe ni fundi au mwalimu, weka mambo ya kazi yako.

Tafuta daftari, kalamu, na mtu mmoja unayemwamini. Kalamu iwe ya wino, maana maandishi ya penseli yanafutika, na siku moja utatamani kuyafuta.

Hatua ya 1: Andika kabla matokeo hayajajulikana

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Tuseme uko mwaloni Kibirizi, ufukweni boti zinaposhusha samaki. Unataka kununua dagaa wabichi, uwaanike, uwahifadhi mpaka siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, boti nyingi zinapumzika na mzigo unaadimika. Kabla hujatoa pesa, andika tarehe na mistari mitano. Ninaamua nini. Kwa sababu gani. Natarajia nini, na kufikia lini. Uhakika wangu ni ngapi kwa 10. Na hali yangu saa hii ikoje: nina njaa, nina usingizi, nimeudhiwa nyumbani, au bado nimelewa faida ya wiki iliyopita?

Mstari wa mwisho watu huuruka. Usiuruke.

Sababu ya kuandika mapema ni kwamba kumbukumbu hujirekebisha yenyewe kimyakimya. Mwaka 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alipokuwa anajiandaa kuzuru China na Umoja wa Kisovieti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi nchini Israel wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baadaye wakawataka wakumbuke makadirio yao. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wanafunzi walielekea kukumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule walioandika kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Wanafunzi wale hawakusema uongo, ndivyo walivyokumbuka. Nasi ndivyo tulivyo. Mvua ikinyeshea dagaa mchangani, kila mtu anasema, "Mimi nilijua tu." Daftari ndilo linaloweza kuonyesha kama ulijua. Asiyeandika mapema, jioni hana cha kuchunguza. Atakaa ajitetee, halafu aamini kwamba amejitafakari.

Hatua ya 2: Tafuta cha kukukanusha

Mwaka 1960, mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kutaja namba nyingine tatu tatu, naye awaambie kama zinafuata kanuni hiyo. Wengi walitaja namba kama 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo, wakazidi kujiamini. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Ungejaribu 1, 2, 3 ungeshtuka mapema, lakini kichwa hakipendi kujaribu kitu kitakachobomoa wazo lake.

Kwa hiyo chini ya uamuzi wako ongeza mstari huu: "Nitajua nimekosea nikiona…" Umalizie kwa jambo linaloonekana kwa macho. Kisha mtafute mfanyabiashara aliyekataa kununua siku hiyo, umuulize sababu, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wale walionunua pamoja nawe usiwaulize, watakubariki.

Hatua ya 3: Mpe mwenzako sababu unazojipa mwenyewe

Mwanakikundi akichelewa, tunasema hajali. Tukichelewa sisi, tunataja mvua na bodaboda. Ukiandika kosa la mtu, andika pia mazingira mawili ambayo yangekufanya wewe utende vilevile.

Kuna pia suala la nani anachangia kazi kiasi gani. Michael Ross na Fiore Sicoly, mwaka 1979, waliwauliza wanandoa kila mmoja kwa upande wake anafanya sehemu gani ya kazi za nyumbani. Majibu ya wawili yakijumlishwa, mara nyingi yalizidi kazi yote iliyopo. Zoezi hili lifanyeni nyumbani au na mbia wako dukani: kila mtu aandike asilimia yake kwenye karatasi, mfunue pamoja. Jumla ikizidi 100, msibishane nani mwongo. Kila mmoja ataje kazi tatu za mwenzake ambazo hakuzihesabu.

Hatua ya 4: Andika kilichotokea, sababu baadaye

Richard Nisbett na Timothy Wilson, katika makala yao ya mwaka 1977, walieleza jinsi watu walivyoombwa kuchagua soksi ndefu bora kati ya jozi nne zilizofanana kabisa. Ile ya mwisho kulia ilichaguliwa sana. Walipoulizwa sababu, watu walieleza ubora wake. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa. Sababu inayokuja upesi huwa tamu, na huwa si yenyewe. Anza na matukio: alisema nini, nilijibu nini, ilikuwa saa ngapi. Ukishindwa kujitenga na hasira, andika kwa jina lako, kana kwamba unamsimulia mtu mwingine.

Ukiona unarudia lawama zilezile usiku baada ya usiku na usingizi umepotea, funga daftari, nenda kituo cha afya. Hapo unahitaji msaada mwingine.

Hatua ya 5: Mkabidhi mtu macho yako

Nyani haoni kundule. Emily Pronin na wenzake walilithibitisha mwaka 2002: watu hukiri kwamba wengine wanapotoshwa na upendeleo wa akili, wakijiona wao wamepona. Muulize mtu wako swali moja jembamba, kwa mfano, "Nikikatazwa jambo kikundini, huwa nafanya nini?" Akijibu, andika, mshukuru, usieleze chochote. Kama ni mdogo kwako, heshima itamfunga mdomo, na si haki kumlazimisha. Mwambie aandike, au apitishie kwa dada au shangazi.

Hatua ya 6: Pitia kila mbalamwezi

Boti zikipumzika, fungua daftari. Kusanya maamuzi yote uliyoyapa uhakika wa 8 na kuendelea, uhesabu yaliyotimia. Yakitimia nusu tu, mwezi ujao kila utakapotaka kuandika 8, nunua kama mtu mwenye 5: mzigo mdogo, mkopo mdogo. Halafu soma mistari ya hali yako, uone makosa yamekusanyika wapi. Kama mengi yaliandikwa na mwenye usingizi, basi dagaa wa alfajiri usiwapangie bei kabla hujanywa chai.