Baba, Shika Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Akina baba wengi nawaona saa ya kuona wagonjwa tu: kasimama miguuni pa kitanda, simu mkononi, ananiuliza, "Anaendeleaje?" Baba, ulitakiwa uniambie wewe.

Anza kwa kuomba zamu. Usimwambie mama "ukichoka niite," maana hatakuita. Mwambie, "Leo nalala naye mimi." Kwanza tuulize kama wodi inaruhusu, pengine baba halali humo kwa ajili ya faragha ya wanaonyonyesha. Basi chukua asubuhi, daktari anapopita. Na kama mtoto ananyonya, kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza hakuhitaji maziwa.

Uwe na daftari. Andika uzito wake, kwa kuwa dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa uzito, dawa zinazomdhuru, alichokunywa na saa aliyokojoa. Mkojo mnaudharau, lakini nepi iliyokaa kavu kwa muda wa saa sita ni habari ya kutuambia mara moja.

Akiwekewa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, kaa kitini umpakate, mgongo wake kifuani mwako. Mkono mmoja umkumbatie, mwingine ushike mkono wake pale tutakapokuonyesha. Usimdanganye kwamba haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, nipo, tuhesabu wote." Kiti ni muhimu: nimeshamwokota baba aliyezimia sakafuni, mwanawe anatutazama.

Usiku ndiko kwenye kazi. Mulika ilipo kanula; pakivimba, pakiwa pekundu au akilia ukipagusa, niite. Dripu ikienda polepole usiiongeze kasi mwenyewe, hata kama jirani wa kitanda cha pili anakuonyesha pa kuzungusha. Akishatulia usingizini, funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani kila avutapo hewa, akikataa kunywa kabisa, au ukimwamsha haamki vizuri, usingoje kukuche. Hutusumbui.

Asubuhi mpe mama daftari, umsimulie usiku ulivyokwenda, kisha mwache akalale. Nguo za kubadilisha ziko mfuko gani, muulize kabla hajatoka mlangoni, si kwa simu akishasinzia.