Vipuri vidogo vya pikipiki garajini Goma: kuvipanga kwa bidoni, makopo na mbao chache

Ekru moja ya M8 ikikosekana, pikipiki ya mteja inalala garajini na motari (dereva wa bodaboda) anakosa pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Mara nyingi ekru hiyo ipo. Imejificha chini ya ndoo ya vyuma mchanganyiko, na kijana aliyetumwa kuitafuta amemaliza robo saa akichambua kama anayetoa mawe kwenye maharagwe. Maelezo haya ni ya garaji ndogo, zile za mbao na mabati zilizokaa juu ya mawe ya lava, zisizoweza kununua kabati la chuma lenye droo sitini. Vyombo vya kuvipangia vipuri ni vile vinavyotupwa au kuuzwa kwa bei ya chupa tupu. Gharama yenyewe ni mbao, skrubu na siku moja na nusu ya kazi.

Kwa wanaosoma wakiwa Dar au Mombasa: bulo ni bolti, ekru ni nati, buji ni plagi, rulma ni beringi, bidoni ni dumu, skochi ni utepe wa gundi. M8 maana yake ni uzi wenye kipenyo cha milimita 8.

Anza na kipimo

Garaji nyingi zikijaribu kupanga huanza na majina: kopo la Boxer, kopo la TVS, kopo la Haojue. Mpango huo hufa ndani ya wiki mbili, kwa sababu bulo ya M6 haijui imetoka pikipiki gani. Hatua ya uzi wake, yaani umbali wa jino hadi jino, ni milimita 1.0 kila mahali. Panga kwa jina la pikipiki vile tu visivyoingiliana, kama kebo, swichi na vioo. Vilivyobaki vyote vipangwe kwa kipimo.

Tengeneza ubao wa kupimia. Chukua kipande cha mbao ya mkalitusi chenye urefu wa sentimita 40, toboa matundu madogo kidogo kuliko ekru, kisha pigilia ndani ekru mpya saba: M5, M6, M8, M10 ya hatua 1.25, M10 ya hatua 1.5, M12 ya 1.25 na M12 ya 1.75. Andika namba juu ya kila moja kwa msumari wa moto, maana kalamu haitadumu. Sasa mtoto wa kazi aliyeanza jana anaweza kuchambua ndoo nzima: bulo inayoingia kwa vidole mpaka mwisho ni ya kipimo hicho.

Zile M10 mbili ndizo huvunja watu moyo. Bulo ya hatua 1.25 ukiiweka kwenye ekru ya 1.5 huingia mzunguko mmoja na nusu, labda miwili, kisha hukwama. Fundi mwenye haraka huchukua ufunguo na kuilazimisha. Inazunguka, naye anadhani imekaza, kumbe uzi umekwisha kulika. Mtetemo wa barabara ya mawe hauchukui siku nyingi kuifungua. Kwa hiyo ekru hizo mbili ziwe pembeni kwa pembeni kwenye ubao, na makopo yake yawe mbali kwa mbali kwenye rafu.

Usipime kwa kichwa. M8 huja na kichwa cha 12 au cha 13 kulingana na kiwanda. Urefu nao hupimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Kwa M6, ambazo ni nyingi kuliko zote, gawa makundi manne: hadi milimita 20, 25 hadi 35, 40 hadi 60, na ndefu kuliko hapo. Kwa nyingine makundi mawili yanatosha. Ukigawa zaidi, watu wanachoka na kurudia ndoo.

Kisha tazama kichwa. Bulo yenye 8.8 au 10.9, namba za nguvu ya chuma, iwe na kopo lake. Isiyo na alama yoyote iende kwenye kopo la kazi nyepesi, yaani mudigadi, kibebeo cha namba na kifuniko cha mnyororo. Isikaribie breki, sproketi wala mhimili wa gurudumu. Ekru zenye pete ya nailoni zilizokwishafunguliwa zitupwe, kwa sababu pete ikishachongwa haishiki tena.

Bidoni la lita tano

Bidoni la manjano la mafuta ya kupikia ndilo droo bora mjini kwa bei yake. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni na majivu mara mbili, kisha liache wazi siku nzima likauke. Ukiruka hatua hii, mafuta yaliyobaki yatashika vumbi la lava na baada ya mwezi utakuwa na tope jeusi chini.

Lilaze kwa upande wake mpana, mshikio ukikutazama. Chora dirisha upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 4 mbele ili vitu visimwagike unapolivuta. Toboa tundu moja pembeni, pitisha kipande cha msumeno wa chuma, kata taratibu. Kisu cha moto kinakata haraka, lakini huacha ukingo wa kuchana vidole, na moshi wake si wa kuvuta. Piga ukingo msasa.

Jambo linaloangusha rafu nyingi ni uzito. Lita moja ya bulo zilizomwagwa ovyo ina karibu kilo 4. Bidoni la lita tano likijaa linakaribia kilo 20, na mabidoni matano kwenye ubao mmoja ni kilo 100. Jaza theluthi tu. Mbao za rafu ziwe na unene wa sentimita 2.5, zishikiliwe kila baada ya sentimita 60, na kina cha rafu kisizidi sentimita 30. Rafu ya kina kirefu huzaa safu ya pili nyuma, na kilicho safu ya pili ni kama hakipo.

Ubao wa chini uwe sentimita 30 kutoka sakafuni, na rafu yote iachane na ukuta kwa sentimita 5 hivi. Ukuta wa mbao hupitisha mvua ya Machi hadi Mei, na sakafu hutoa vumbi mwaka mzima. Funga miguu kwenye nguzo za nyumba kwa skrubu. Halafu pigilia mbele ya kila ubao kipande chembamba cha kimo cha sentimita 3. Mji huu hutetemeka: mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi iliendelea kutikisika kwa siku kadhaa. Rafu isiyo na ukingo humwaga kila kitu kwa mtikisiko mmoja.

Kwa vitu vidogo sana, kama pini, klipsi za mnyororo, fyuzi na pete, tumia makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha, mfano ya mayonezi. Funga kifuniko chini ya ubao kwa skrubu mbili (moja peke yake inaruhusu kifuniko kizunguke pamoja na kopo), kisha kopo linaning'inia na unaona kilichomo ukiwa umesimama. Usitumie ya kioo.

Alama isiyohitaji kusoma

Karatasi na kalamu ya wino mzito havivumilii petroli wala jua. Andika kwa Biki kwenye kadibodi, funika kwa skochi pana pande zote mbili, funga kwa waya. Juu ya hapo, funga mfano wenyewe nje ya chombo: bulo moja, klipsi moja, fyuzi moja. Mfano unasaidia asiyesoma, na unamsaidia fundi mkubwa pia saa moja jioni umeme ukiwa umekatika na tochi ya simu ndiyo taa.

Kwa rulma andika namba tu, kwa kuwa namba ni lugha moja dunia nzima. 6301 ni milimita 12 ndani, 37 nje, 12 unene. 6302 ni 15, 42 na 13. 6202 ni 15, 35 na 11. Tazama kwamba 6202 na 6302 zina tundu sawa la 15: zote zinaingia kwenye mhimili, ila moja tu inakaa kwenye nyumba yake. Herufi za mwisho pia ziandikwe. ZZ ni vifuniko vya chuma, 2RS ni vya mpira. Kwa vumbi letu, gurudumu lipewe 2RS.

Minyororo nayo inadanganya. 420 na 428 zote zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, zinatofautiana upana, kwa hiyo klipsi zake zisilale kopo moja hata siku moja.

Kutu na vumbi

Hewa ya ziwa ina unyevu, na gesi ya volkano hufanya mvua ya pande hizi kuwa na asidi. Ndiyo maana mabati huliwa upesi. Kipuri kilichooshwa kwa maji ya paa na kuachwa kikauke chenyewe kitakuwa chekundu kabla ya wiki. Kikaushe kwa kitambaa, kisha kipake mafuta mapya ya injini. Kijiko kimoja cha chakula kwenye kitambaa kinatosha bidoni zima: zungusha bulo na kitambaa ndani ya mfuko, basi. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini, ambayo kila garaji huyamwaga kwa kila kazi, yana asidi, maji na masizi. Yanang'arisha leo na kula chuma mwezi ujao.

Rulma mpya haifunguliwi kwenye karatasi yake mpaka siku ya kuifunga. Ilale chali, isisimame. Jasho la kidole huacha alama ya kutu kwenye chuma kilichopigwa msasa mzuri namna ile, na petroli ya kuioshea huondoa grisi ya kiwandani iliyo ndani ya vifuniko.

Vitu vya mpira ni habari nyingine. Tyubu na sili zisitundikwe kwenye msumari. Uzito wake unachora mkunjo unaopasuka baadaye. Paka tyubu poda ya mtoto, ikunje kwa ulegevu, iweke kwenye mfuko mweusi mbali na jua, petroli na mashine ya kuchomelea. Viatu vya breki vikae kwenye mfuko uliofungwa, rafu ya juu kabisa, mbali na chochote chenye mafuta. Kiatu kilicholowa mafuta hakiponi kwa kuoshwa. Kwenye mteremko kitakuonyesha.

Buji zigawanywe kwa uzi: kwa namba za NGK, herufi C mwanzoni ni milimita 10, D ni 12, B ni 14. Usiweke D8EA na C7HSA pamoja ukidhani macho yatatofautisha. Zihifadhiwe ndani ya boksi zake. Buji iliyoanguka sakafuni ihesabiwe imekufa, kwa kuwa ufa wa kauri unaweza usionekane.

Injini ikiwa wazi

Hapa ndipo kadibodi ya boksi la sabuni inashinda chombo chochote cha kununua. Kabla ya kufungua kifuniko cha pembeni cha injini, chora umbo lake kwenye kadibodi kwa mkono, bila urembo. Kila bulo unayotoa, ichome kwenye kadibodi mahali pake uleule. Andika namba ya pikipiki na tarehe. Bulo hizo zinaonekana ndugu, lakini urefu wake hutofautiana. Fupi ikiingia tundu la ndefu inashika uzi mchache, na alumini inalika ukikaza. Ndefu ikiingia tundu la fupi inagonga mwisho: mkono unasikia imekaza, kifuniko bado kina nafasi, na mafuta yanavuja. Ukiongeza nguvu, nyumba ya injini inapasuka.

Kwa kabureta tumia trei ya mayai ya plastiki. Ile ya karatasi hunywa petroli, inalegea, na jikleri ndogo (jeti ya kupitisha petroli) hujibandika chini usiione.

Petroli, asidi na mazuku

Petroli isizidi lita 5, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya chumba, kivulini. Kuiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa ni kumtegea mtoto. Wako wanaochimba shimo ili iwe baridi. Goma usichimbe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukusanyika humo ukisubiri cheche. Na sehemu za magharibi ya mji, kuelekea Sake, shimo linaweza kujaa mazuku, gesi ya kaboni dioksidi isiyo na rangi wala harufu ya kukutahadharisha, inayoua mbuzi na watu wanaoinama ndani yake.

Asidi ya betri ikae chini, ndani ya beseni la plastiki, mita mbili au zaidi kutoka kwenye rafu ya vyuma. Mvuke wake hufanya kutu hata kwa bulo zilizopakwa mafuta. Betri zichajiwe hapohapo, mlango wazi, bila sigara: zinapochajiwa hutoa haidrojeni. Ukichanganya, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Weka kopo la majivu makavu karibu kwa ajili ya kumwagika.

Kopo la yatima

Hata mpango mzuri unahitaji mahali pa vitu visivyo na mahali. Ruhusu kopo moja la maziwa ya unga, lisizidi moja. Likijaa, kazi inasimama mpaka limechambuliwa kwenye ubao wa kupimia. Asubuhi ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, wateja wakiwa wachache, ni saa nzuri.

Kwa vitu vinavyoisha, gawa akiba mara mbili: nusu wazi ndani ya bidoni, nusu kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba nyuma yake. Siku kamba inapofunguliwa, jina la kitu linaandikwa kwenye daftari la manunuzi, na aendaye kununua Birere, mtaa wa biashara, anaondoka nalo. Kile kilichokaa kwenye kopo la yatima miezi mitatu bila kuulizwa, kiuze kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na pesa hiyo inunue skochi.