Namna ya Kufundisha Historia ya Hijabu nchini Iran

Mwalimu wa historia hapa Tabora, ambako wasichana wengi huja darasani wamejitanda mitandio, aanze na mwaka 1936, pale Reza Shah, mfalme wa Iran, alipopiga marufuku hijabu na askari wakawa wanawavua wanawake hijabu barabarani, hata baadhi yao wakajifungia ndani. Nashauri akae hapo kwa muda, kwani darasa litaona kuwa dola ililazimisha kuvua kabla ya kulazimisha kuvaa. Haki ya kura waliyopata wanawake mwaka 1963 itajwe kwa ufupi. Kisha yafuate maandamano ya wanawake wa Tehran ya Machi 1979 ya kupinga kulazimishwa kuvaa hijabu baada ya mapinduzi, sheria ya 1983 iliyoweka adhabu ya viboko hadi 74 kwa mwanamke asiyevaa hijabu hadharani, na kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa na polisi wa maadili kwa madai ya kutovaa hijabu ipasavyo, Septemba 2022. Kwa kila tukio, wanafunzi waandike ni nani aliyeamua.