Ukitaka kuandika historia ya duka la mbao la familia, usianze na miaka

Kama kwenu kuna duka la viti na vitanda lililoanzishwa na koko (babu) na unataka kuandika historia yake, usianze kuuliza "mulifungua mwaka gani". Mi nilianza hivyo kwetu hapa Goma, Kongo, baba mdogo akasema 1985, shangazi akasema hapana ni 1990, wakagombana mpaka chai ikapoa na mi sikuandika kitu.

Uliza vitu. Kitanda cha kwanza kilienda kwa nani, mbao ilikuwa libuyu (mbao ya msituni) ao ekalitisi, nani alibeba. Hapo mzee anafunguka mwenyewe: "Ile kabati tulipelekaka na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), njia ilikuwa mbaya, kioo ikapasukia Birere." Haya, kioo kilipasuka kule Birere, mtaa wa hapa Goma, basi kulikuwa na fundi wa vioo, huyo naye ni nani, yuko wapi, unaendelea hivyo hivyo kama mtu anayevuta kamba kisimani.

Miaka itakuja na volkano. Kila mtu mzima wa Goma anajua alikuwa wapi 17/1/2002 lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, sasa swali lako ni "hii ilikuwa mbele ya volkano ao nyuma?" Ila taja ni volkano gani, juu vijana wanawaza ile ya 22/5/2021 na wazee wengine wana ya 1977, mi nilizichanganya nikajikuta nimemuongezea koko miaka 19 ya kazi.

Kama kaye (daftari) ya hesabu imepona, angalia pesa kabla ya maneno. Oktoba 1993 zaire mpya ilikuja, moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani, halafu 1998 zikaja franga. Kwetu ukurasa mmoja kitanda ni mamilioni kwa mamilioni, ukurasa wa pili kitanda kile kile ni makumi tu, nikadhani koko ameanza kugawa bure. Tarehe hakuna, ila bei yenyewe inakuonyesha mwaka.

Kaye ikiwa iliungua, geuza mbao. Kwetu tulivuta droo ya kabati moja kuukuu tukaipindua, chini kuna jina la mteja kwa penseli nene ya fundi, avansi (malipo ya kwanza) aliyotoa, na pembeni kidole gumba cha koko kimegandia kwenye vernisi (vanishi). Piga picha haraka kabla mtu hajapitisha msasa, mafundi hawana huruma na hizo.

Halafu nenda kwa koko mwanamke, na uende peke yako. Wanaume wanakumbuka mbao, yeye anakumbuka nani hakumalizaka kulipa. Wetu alitaja wanne bila kufikiri, mmoja anapitaka mbele ya duka kila Jumapili akienda misa, na anatusalimiaka vizuri kabisa.