Kuagiza gari la spoti la zamani kutoka Japani na kuliingiza Marekani kihalali

Kijana mmoja alinipigia simu jioni, sauti imejaa furaha. Amenunua Nissan Skyline R34, ameshalipa, na wakala wake amelipangia gari meli ya kufika Marekani Agosti 2025. Nikamuuliza swali moja: limetengenezwa mwezi gani? Akajibu, "La 2000, kaka." Mwezi hakuujua, na aliyemuuzia hakumwambia. Tulipofuatilia namba ya chasisi tukakuta limetoka kiwandani Novemba 2000. Gari lile lingeshuka bandarini likiwa na miaka 24 na miezi tisa, na kwa sheria ya Marekani lingehesabiwa sawa na gari jipya lisilokidhi viwango. Tulilizuia likiwa bado yadi Japani, zimebaki siku chache lipakiwe.

Kwa hiyo naanza na kalenda. Mnada na bei vitafuata.

Hatua ya 1: Hesabu miezi

Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kubana uingizaji wa magari yasiyotengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo. Mlango mmoja uliachwa wazi: gari lililotimiza miaka 25 tangu litengenezwe halidaiwi tena viwango hivyo. Msimamizi ni NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani. Kwa upande wa moshi, EPA, yaani mamlaka ya mazingira, inasamehe gari lenye miaka 21 au zaidi, mradi injini na mfumo wake ubaki kama ulivyotoka kiwandani. Ukifikisha 25 umeshapita 21, lakini sharti la injini liko palepale. Nissan Silvia iliyong'olewa injini yake ikawekewa V8 inaweza kukwama hata ikiwa na miaka 30.

Umri huhesabiwa kuanzia mwezi wa kutengenezwa. Mtu akikuambia "ni modeli ya 2000" hajakuambia kitu. Chukua Skyline, ambayo R32, R33 na R34 ni matoleo yake yaliyofuatana: R32 GT-R za kwanza ni za Agosti 1989, zikaruhusiwa Agosti 2014. R34 GT-R za kwanza ni za Januari 1999, nazo zikaruhusiwa Januari 2024, wakati za mwisho, za 2002, zinasubiri 2027. Mazda RX-7 FD na Toyota Supra JZA80 nazo zilitengenezwa hadi 2002. Ndani ya aina moja ya gari utakuta zilizoiva na zilizo mbichi.

Ugumu ni kwamba karatasi za Japani haziandiki mwezi wa kutengenezwa. Zinaandika mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza, na mara nyingi mwaka wake ni wa enzi ya mfalme. Ukiona Heisei 7, jumlisha na 1988, unapata 1995. Mimi hupita njia ya mkato: kama usajili wa kwanza umeshatimiza miaka 25, sihangaiki tena, kwa sababu gari haliwezi kusajiliwa kabla ya kuzaliwa. Kama haujatimiza, ndipo natafuta tarehe ya kiwandani kupitia namba ya chasisi kwenye kumbukumbu za mtengenezaji, na naitaka kwa maandishi. Kwa R32 GT-R namba hiyo huanza na BNR32, kwa R33 ni BCNR33, kwa R34 ni BNR34. Usitafute namba ya tarakimu 17 kama za magari ya Marekani, magari ya soko la Japani hayana.

Utasikia na njia za panya. Inayojulikana zaidi ni kuleta bodi bila injini kwa jina la vipuri, kisha injini ifuate peke yake na gari liunganishwe huku. Serikali imewahi kukamata Skyline za namna hiyo zikiwa mikononi mwa watu walioamini wamenunua gari halali. Nimeona mtu akilia kwa ajili ya gari. Sitaki uwe wewe. Ipo njia halali ya kuingiza gari lisilotimiza miaka 25, ile ya magari ya maonyesho, lakini ni kwa aina chache adimu ambazo NHTSA imezikubali, na kwa kawaida huruhusiwi kuzidisha maili 2,500 kwa mwaka.

Hatua ya 2: Uliza jimbo lako kabla ya kununua

Serikali kuu inakuruhusu kuliingiza gari. Namba za barabarani zinatoka jimboni, na majimbo hayafanani. California ndiyo ngumu kuliko zote: gari la 1976 na kuendelea lazima lifikishwe kwenye viwango vyake vya moshi na kupimwa kwenye maabara inayotambuliwa, na kazi hiyo inakula maelfu ya dola. Majimbo mengine, Georgia na Maine yakiwemo, yamewahi kuyagomea magari madogo ya kei, kwa hiyo anayependa Honda Beat au Suzuki Cappuccino naye aulize mapema. Nenda ofisi ya usajili, ulizia orodha ya karatasi wanazotaka kwa gari lililotoka nje, na uondoke nayo mkononi.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma karatasi ya mnada

Magari mengi hupita kwenye minada ya madalali, ile ya kampuni ya USS ikiwa ndiyo kubwa. Huko wanaonunua ni wanachama tu, kwa hiyo utahitaji wakala wa Japani. Kabla ya mnada, mkaguzi wa mnada hulizunguka gari na kujaza karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo macho yako. Wakala akikupa tafsiri yake ya mistari miwili bila kukuonyesha karatasi yenyewe, tafuta wakala mwingine.

Juu kuna daraja. Kwa gari la umri huu 4 ni zuri sana, 3.5 ni la kawaida, na R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Daraja la ndani huandikwa kwa herufi, A hadi D. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa, na humo ndimo ninamokaa muda mrefu. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati. W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa: A1 huioni mpaka uinamie, A3 utaiona ukiwa mbali.

Chukua mfano wa R32 niliyoikagua kwa mteja. Daraja 4, mita inasoma kilomita 86,000, picha zinang'aa. Kwenye mchoro boneti ina XX, fenda ya mbele kushoto ina XX, na tao la nyuma la upande huohuo lina W2. Alama moja moja hazitishi. Zikikaa zote upande mmoja zinasimulia ajali, hata kama daraja halisemi R. Tuliomba picha za ndani ya boneti, tukaona laini ya gundi kwenye nguzo ya shokapu ya kushoto haifanani na ya kulia. Tukaliacha.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa magari haya, kuliko injini. Omba picha nne kila mara: sehemu za kuwekea jeki chini ya milango, matao ya nyuma kwa ndani, nguzo za shokapu mbele na nyuma, na sakafu ya buti zulia likiwa limeinuliwa. Gari lililoishi maeneo ya theluji limeoga chumvi ya barabarani miaka mingi. Rangi mpya nyeusi iliyopulizwa chini ya gari huniongezea wasiwasi, kwa kuwa inaficha.

Kuhusu injini, tafuta stika ndogo ambayo mafundi wa Japani hubandika kwenye chumba cha injini wakibadilisha mkanda wa taimingi. Inaandikwa tarehe na kilomita. Ikiwa stika inasema umebadilishwa kwenye kilomita 101,000 na mita leo inasoma 86,000, umeshajua mita imerudishwa. Kwa RB26, injini ya Skyline GT-R, turbo za kiwandani zina panga za kauri zinazovunjika presha ikipandishwa, hivyo uliza kama zimebadilishwa. RX-7 ni habari tofauti kabisa: injini yake ya rota inapimwa kompresheni kwa kifaa maalumu kinachosoma pande zote tatu za kila rota. Bila kipimo hicho, fanya bei yako kana kwamba injini ni ya kufunguliwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu yote kabla ya kutaja bei ya juu

Ushuru wa msingi wa gari la abiria ni asilimia 2.5 ya bei ya gari, nauli ya meli haihesabiwi humo. Juu yake kuna ada ya kushughulikia mzigo, asilimia 0.3464, na ada ya bandari, asilimia 0.125. Kwa gari la dola 40,000 hiyo ni dola 1,000, dola 138.56 na dola 50. Tangu 2025 viwango vya ushuru wa Marekani vimebadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwombe wakala wako wa forodha akuandikie kiwango cha sasa, na uweke akiba. Kinachotumika ni kiwango cha siku gari linapoingia. Ongeza ada ya mnada, wakala wa Japani, usafiri hadi bandarini, meli, bima ya safari, dhamana ya forodha, wakala wa upande wa pili na gari la kulibeba hadi nyumbani.

Ankara iandikwe bei halisi uliyolipa. Kuna wauzaji wanaojitolea kupunguza namba "kukusaidia". Hilo ni kosa la jinai, na jina lililo kwenye fomu ni lako.

Hatua ya 5: Kusanya karatasi kabla meli haijaondoka

Unahitaji ankara, hati ya shehena ya meli, na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, kile kinachotolewa na ofisi ya usafiri ya Japani. Cheti kiwe halisi, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Ndicho kitakachosimama badala ya kadi ya gari ukifika jimboni. Linganisha namba ya chasisi kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, na picha ya namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe. Nimewahi kukuta 8 imeandikwa B kwenye hati ya shehena. Kuirekebisha gari likiwa Yokohama kulichukua barua pepe moja, lakini ingegundulika likiwa bandari ya Long Beach, Marekani, tungelipia ghala kila siku mpaka irekebishwe.

Hatua ya 6: Meli

Meli ya magari, ambayo gari huendeshwa hadi ndani, ni nafuu. Kontena ni ghali zaidi, ila gari linafungiwa na hakuna anayeligusa njiani. Kwa gari la thamani nachagua kontena. Lioshwe chini mpaka tope liishe, maana Marekani hairuhusu udongo wa nje, na gari chafu linaweza kurudishwa au kuoshwa kwa gharama yako.

Mzigo wa kontena una taarifa ya usalama iitwayo ISF inayopaswa kufika forodha ya Marekani saa 24 kabla ya kupakiwa Japani. Ni kazi ya mwagizaji, ingawa wakala wa forodha huijaza. Ikichelewa, faini inaweza kufika dola 5,000. Kwa hiyo mtafute wakala huyo mapema, usisubiri meli iwe baharini.

Hatua ya 7: Forodha

Fomu tatu ndizo za kuzijua. HS-7 ni ya NHTSA: unatia alama kisanduku cha 1, kinachotamka kwamba gari lina miaka 25 au zaidi. 3520-1 ni ya EPA: unatumia herufi E, ya gari lenye miaka 21 au zaidi lililo katika hali yake ya asili. 7501 ni ya forodha yenyewe, yenye hesabu ya ushuru. Wakala anazituma kwa kompyuta, lakini zisome mwenyewe kabla hujasaini. Ambatanisha ushahidi wa mwezi wa kutengenezwa hata kama hujaulizwa. Forodha wana haki ya kulifungua na kulikagua gari, na gharama ya ukaguzi ni yako.

Likiachiliwa, omba nakala ya 7501 inayoonyesha limeachiliwa, pamoja na HS-7 na 3520-1. Tunza zote maisha ya gari. Siku ukiliuza, mnunuzi mwenye akili ataziulizia kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 8: Usajili na barabara

Peleka jimboni cheti cha Japani na tafsiri, ankara, hati ya shehena na zile fomu tatu. Majimbo mengi yatamtuma mtu kuikagua namba ya chasisi. Mfumo wao ukikataa namba fupi, muombe msimamizi kwa upole, kwani wengi wanayo njia ya kuiingiza kwa mkono. Bima tafuta ile ya magari ya zamani, mnayokubaliana thamani mapema.

Kabla ya kulikanyagia mafuta, badilisha oili zote, maji, mkanda wa taimingi kama hakuna uthibitisho, na tairi. Soma tarehe ubavuni mwa tairi: 3114 ni wiki ya 31 ya mwaka 2014, na tairi hilo halifai hata kama kashata zake ni nzima. Mwisho, taa za mbele. Za Japani zimetengenezwa kwa wanaoendesha kushoto, hivyo mwanga wake hupanda upande wa kushoto, ambako Marekani ndiko anakotoka mwenzako. Lisimamishe gari mbele ya ukuta usiku, mita saba au nane, uone mwanga unavyopanda kushoto. Tafuta taa zilizokatwa kwa barabara za kulia, na mpaka zifike, liendeshe mchana.