Mchanga wa Dodoma una njaa kuliko kiu

Mwezi wa Septemba, ukipita kwenye mito mikavu ya Dodoma utakuta watu wamechimba vishimo katikati ya mchanga, wanachota maji. Juu mchanga unaunguza nyayo, chini kuna ubaridi na maji. Naanzia hapo kwa sababu wenye mashamba ya kichanga tumezoea kulalamika kwamba "udongo huu haushiki maji." Ni kweli nusu tu.

Chembe za mchanga ni kubwa, hivyo maji hayatuami juu, yanazama. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani hulowanisha kina cha kama sentimita kumi, na jua la siku chache linayarudisha mengi hewani. Kichangani mvua hiyohiyo hushuka sentimita 20 au zaidi. Tabaka la juu likishakauka linakuwa kifuniko, maji ya chini hayapandi tena kirahisi. Ndiyo maana kwenye mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena ikija kwa rasharasha, mtama wa kichangani unaweza kuupita wa mfinyanzini.

Kinachokosekana hasa ni chakula. Mchanga una mboji kidogo na hauna cha kuzuia mbolea isizame na maji. Watafiti waliofanya kazi Mali mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuta kwamba sehemu kubwa ya Sahel, ule ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, nyasi hudumazwa na uhaba wa naitrojeni na fosforasi kuliko uhaba wa maji. Mmea wenye njaa unatoa mizizi mifupi, na mizizi mifupi haiyafikii maji yaliyozama. Ukiulisha, unakwenda kuyatafuta wenyewe.

Basi usimwage samadi shamba zima kama unanyunyizia chumvi. Ipeleke shimoni. Wakulima wa kijiji cha Chololo, hapohapo Dodoma, wametupa mfano: vishimo vyenye upana na kina cha sentimita 20 hadi 25, sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine, na 90 kati ya mistari. Ekari moja inabeba vishimo kama 7,500. Ukitia viganja viwili vya samadi iliyoiva, tuseme gramu 300, utahitaji tani mbili na robo, ambazo ni safari nne au tano za mkokoteni unaobeba nusu tani. Kazi ya kuchimba ni nzito, sitakudanganya, lakini mchanga unachimbika hata wakati wa kiangazi na shimo lililokwisha chimbwa hutumika tena msimu ujao. Anza na robo ekari.

Iangalie pia hiyo samadi yenyewe. Inayokwanguliwa juu ya boma mwezi wa Oktoba mara nyingi nusu yake ni mchanga, na jua limeshaimaliza nguvu. Chimba ya chini, au iliyolundikwa kivulini na kufunikwa. Kubeba mchanga kuupeleka kwenye mchanga ni kuwachosha ng'ombe bure.

Mbolea ya dukani nayo itolewe kidogo kidogo. Kizibo cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, kwa shimo, gramu tano au sita, kinatosha wakati wa kupanda, na mfuko wa kilo 50 unamaliza ekari na kubaki. Weka pembeni kidogo ya mbegu, isigusane nayo. Urea subiri wiki ya tatu au ya nne, udongo ukiwa na unyevu, uifukie. Ukiona wingu zito limefunga, ahirisha, maana mvua kubwa moja inaizamisha mbali kuliko mizizi. Pesa ikiwa ya mfuko mmoja tu, usiukopeshe udongo huu yote kwa mkupuo: gawa mara mbili.

Kupanda kusichelewe. Mvua za Dodoma huanza Desemba, na Februari mara nyingi hukatika. Mtama na uwele vinaweza kuwekwa ardhini kabla ya mvua, kina cha sentimita nne au tano ili rasharasha ya kwanza isiioteshe mbegu kabla ya wakati. Desturi ya kuberega, yaani kukwangua magugu, kuyachoma na kupanda bila kulima, ina faida ya kuwahi mvua. Nisichokiafiki ni kiberiti, kwa sababu mboji yenyewe ni ya kuhesabu. Yaache mabua yalale kati ya mistari, ingawa najua mchwa na mifugo ya jirani watachukua fungu lao.

Kuhusu mazao, mahindi yapeleke bondeni. Kichangani panda mtama, uwele, mihogo, ufuta, kunde, njugumawe na karanga. Karanga hapa ndipo kwao: vikonyo vinavyotoka kwenye maua vinapenya ardhini kirahisi, na wakati wa kung'oa maganda hayabaki ardhini. Ila mchanga huwa na upungufu wa kalsiamu, na dalili yake ni maganda matupu, shina likiwa limestawi vizuri. Jasi, ile madini yenye kalsiamu inayochimbwa Itigi na Makanya, ikinyunyizwa kuzunguka shina wakati wa maua husaidia, kwa kuwa ganda hufyonza kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo linamokaa. Msimu unaofuata badilisha, weka mtama palipokuwa na karanga.

Mwisho kuna kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau au mekundu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Linapenda udongo uliochoka. Mbegu za mtama za Hakika na Wahi zilizotolewa mwaka 2002 hulistahimili, na kunde kati ya mistari hulipunguza. Mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu kama vumbi, zinazokaa ardhini zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo ling'oe kabla halijachanua. Likishachanua lichome nje ya shamba, hapo kiberiti nakuruhusu. Usiwatupie ng'ombe, zile mbegu zitarudi shambani ndani ya samadi uliyohangaika kuibeba.