Somo: kubadilishwa goti, kuanzia kupima mlango wa choo mpaka kuvuka feri

Assalam alaikum, hamjambo nyote. Hili somo niliwaahidi kabla ya Ramadhani nikawa nazembea, lakini meseji zimezidi, kila mtu "ma, lile goti ulifanyaje", kwa hivo leo nimekaa kibarazani nimenyoosha mguu acha niandike yote mara moja. Mimi si daktari jamani, mimi ni mama wa mahamri, miaka 61, na karibu miaka 30 nimekaa kigoda mbele ya karai, asubuhi mahamri jioni mbuzi ya nazi, goti la kulia likaisha. Daktari wa mifupa alinionyesha eksirei, kati ya mfupa na mfupa hapana nafasi hata ya uzi kupita, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika lote.

Kwanza mjue wanachofanya manake watu mnatishana. Hawakati mguu wakakutia mwengine. Wanapunguza zile ncha za mfupa wa paja na wa muundi zilizoharibika, wanazivika chuma, katikati wanaweka plastiki ngumu ndo inakuwa gegedu jipya. Saa moja na nusu, mbili, kwisha. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi yako wewe ni miezi mitatu, na sehemu kubwa yaanza kabla hujalala kwenye kile kitanda cha tieta, chumba cha kupasulia.

Hatua ya 1: mwili, kama wiki sita kabla

Sukari iteremke, presha itulie, sigara uache (na shisha pia, msinifiche). Jino bovu ling'olewe au lizibwe kabla, ukikojoa kunachoma useme, manake kijidudu chochote kilichojificha mwilini chaweza kutembea na damu kikaenda kukaa kwenye chuma, na kikishakaa pale kukitoa ni balaa, wengine hufunguliwa goti upya. Na ngozi! Hapa nina kisa. Hospitali ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, walinipa tarehe bila mtu hata mmoja kunivua soksi. Siku ya siku nimeshavaa lile gauni lao la nyuma wazi, sijala tangu jana usiku, daktari akaja akaangalia vidole vya mguu, akakuta kidonda cha fangasi katikati ya vidole viwili vya mwisho, akasema mama rudi nyumbani. Nililia kwenye tuktuk mpaka Majengo. Alikuwa na haki yeye, lakini wangeangalia mwezi mzima kabla! Kwa hivo jikague mwenyewe, mpe hata mjukuu achungulie nyayo.

Dawa zote unazokunywa mtajie daktari, za hospitali na za chupa za duka la dawa za kiarabu, zile za kuzuia damu kuganda hasa, yeye ndo atakwambia uache ipi na lini. Na ukiwa umechomwa sindano ya steroidi kwenye goti mwambie, manake wengi hungoja kama miezi mitatu ipite kwanza ndo wakupasue.

Afu anza mazoezi sasa hivi, goti likiuma hivo hivo. Paja lenye nguvu ndo litakubeba baadaye.

Hatua ya 2: nyumba

Hapa nakaa kidogo manake ndo watu wa huku kwetu tunaumia. Woka, kile chuma cha miguu minne cha kushikia ukitembea, nilinunua mapema, nikaja nayo nyumbani nikijisifu, kujaribu kuingia choo haipiti! Milango yetu ya Mji wa Kale hapa Mombasa mwaijua. Nilichukua kamba nikapima mlango nikaenda nayo dukani, nikabadilisha nikapata nyembamba. Pimeni kwanza.

Choo cha kuchutama usahau. Kama huna cha kukaa, nunua kile kiti cha chuma kina tundu katikati, kinawekwa juu ya tundu la choo, na ukutani fundi apige bomba la kushikia. Kitanda kisiwe chini, ukikaa magoti yasipite nyonga kwenda juu, mimi tuliinua na matofali. Kiti kimoja kigumu chenye mikono, sofa zile za kuzama usiziguse. Mikeka na mazulia yakunjwe yote, mkeka ukishika mguu wa woka umekwenda. Waya za feni zipite ukutani. Na kama walala orofani na ngazi zile zetu za kusimama kama ukuta, hamia chini mwezi mmoja, waambie vijana wateremshe kitanda. Sufuria, chai, leso, zote ziwe usawa wa kiuno, hapana kuinama hapana kurefuka.

Hatua ya 3: pesa

Hapa sisemi mengi. NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilikwisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, hakikisha michango yako iko sawa na uombe idhini mapema. Waulize hospitali kwa maandishi: goti lenyewe la chuma limo kwenye bei ama ni kando? Na fizio, yule wa kukufanyisha mazoezi baadaye, je? Mimi fizio sikuhesabu, nikauza hereni.

Hatua ya 4: siku yenyewe

Utaambiwa saa ya mwisho kula na saa ya mwisho maji, shika hivo hivo. Mimi nilichomwa sindano ya mgongo, chini kukafa ganzi juu niko macho, nikapewa kidogo cha kunilegeza. Nlisikia nyundo. Wallahi nyundo, ko ko ko, kama niko kwa mafundi wa jahazi, ila siumwi. Ukiogopa sauti waambie wakulaze kabisa ama uombe uvae vya masikioni.

Usishangae wakikusimamisha jioni ile ile ama kesho yake. Mimi nikadhani wamenichukia. Kumbe kulala ndo kubaya, damu yaganda mguuni.

Hatua ya 5: wiki mbili za mwanzo

Jamani hizi wiki mbili. Utajuta, utasema bora goti langu la zamani, kila mtu husema. Kunywa dawa ya maumivu kwa saa zake usingoje yakupande, na kabla ya mazoezi nusu saa. Zile kali zinafunga choo, kwa hivo papai na maji.

Sasa sikilizeni hili kama hamtasikia jengine. MTO CHINI YA GOTI HAPANA. Dada yangu kwa mapenzi yake alinitilia mto chini ya goti, nikasikia raha, nikalala nao siku nne. Fizio alipokuja goti halinyooki, limejikunja kama kulabu ya samaki, ikabidi alisukume chini nami nauma leso. Goti lapenda kujikunja kidogo manake hapo ndo haliumi sana, ukiliacha linakauka hivo hivo na utachechemea maisha. Mto weka chini ya KISIGINO, goti lining'inie hewani lijivute lenyewe kwa uzito wake, dakika tano, kumi, mara kadhaa kwa siku. Haina raha. Ndo dawa.

Mazoezi mengine: nyayo juu chini kama unakanyaga cherehani, kila ukikumbuka. Kaza paja ukisukuma goti lichimbe kitanda, hesabu tano achia. Zungusha leso kwenye unyayo uvute kisigino kije taratibu kuelekea tako, hapo ndo kukunja. Kufikia wiki ya pili wengi hufika digrii 90, yaani kukaa kitini kama mtu.

Barafu dakika 15 mpaka 20, imefungwa kwenye leso isiguse ngozi, mguu ukiwa juu. Stima ilipokatika friji ikawa haina barafu ila zile za ubuyu za wajukuu, nikazitumia, moja ikapasuka leso ikawa nyekundu yote, binti yangu alipiga ukelele majirani wakajaa akidhani kidonda kimefumuka. Basi tumieni za maji tupu.

Dawa ama sindano za kuzuia damu kuganda maliza zote ulizoandikiwa. Pini za kidonda hutolewa kama siku ya 10 mpaka 14, mpaka hapo kisilowe, usikitie asali wala liwa wala mafuta.

Rudi hospitali MBIO, usingoje kesho: shavu la mguu likiuma na kuvimba, kidonda kikitoa usaha ama maji yasiyokoma, homa na baridi, wekundu unaotambaa. Kifua kikibana ama pumzi ikikata, hiyo hata viatu usivae.

Hatua ya 6: wiki ya tatu mpaka mwezi wa tatu

Woka yaenda, yaja fimbo, na fimbo yashikwa mkono wa upande wa mguu MZIMA, si wa goti lililopasuliwa. Ngazi: kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mgonjwa atangulie. Niliandika kwa chaki ukutani.

Na kuchuliwa! Atakuja jirani na mafuta ya mwarobaini, akuambie nipe nikukande hilo shavu damu itembee. Mshukuru mpe chai. Kama mna damu imeganda ndani, kule kukanda kwaweza kuing'oa ikaenda mapafuni. Kovu lenyewe utalichua taratibu likishafunga kabisa na fizio akikuonyesha.

Haya, maswali.

Swali kutoka Kisauni: Ma shukran sana. Mamangu ana 67, tatizo lake ni swala, anasema kama hatasujudu bora abaki na goti bovu. Atasujudu?

Jibu: Mwambie pole, nlilia hilo hilo. Kupiga goti chini si kwamba chuma kitavunjika, kidonda kikishapona wengine huweza kwenye kitu laini, wengi hawapendi, wasikia kama wamekanyagia kokoto, na upande wa nje wa kovu huwa na ganzi. Amuulize daktari wake kwanza. Mimi naswali kitini. Mtume alimwambia Imran bin Husayn aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu, na yeye Imran maradhi yake yalikuwa mengine kabisa. Mama asijitese.

Swali kutoka Bamburi: Shangazi, mimi niko wiki ya tano, goti bado lina moto ukiligusa na jioni lavimba, limeharibika?

Jibu: Joto na uvimbe wa jioni huchukua miezi mwanangu, langu lilikuwa na moto mpaka mwezi wa tano. Kama huna homa, kidonda kikavu, na asubuhi uvimbe unashuka, punguza kusimama uweke barafu. Ukiona wazidi badala ya kupungua, nenda. Sasa niambie ukweli, usiku walala vipi?

Bamburi tena: Na mto 🙈 lakini mdogo tu

Jibu: Utoe sasa hivi kabla hujajibu meseji yangu.

Swali kutoka Mwembe Tayari: Naendesha tuktuk, la kulia ndo bovu, nina 54. Nitarudi kazini lini? Familia yanitegemea.

Jibu: Babangu, breki ya tuktuk ni mguu huo huo wa kulia. Wengi huambiwa kama wiki sita ndo waanze kuendesha, na si kwa kalenda peke yake, uweze kuikanyaga breki ghafla bila kuwaza maumivu na uwe umeacha zile dawa kali za kulewesha. Wewe kazi yako ni kutwa nzima, weka akiba ya miezi mitatu. Tafuta kijana wa kukushikia chombo mgawane.

Swali kutoka Tudor: Mimi 46, daktari kasema gegedu limeanza kulika. Nifanye mapema niwe nishamaliza?

Jibu: La hasha. Magoti haya mengi hukaa miaka 20 na zaidi lakini nayo huchakaa, na kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Punguza kilo, paja lipate nguvu, dawa, fizio, kwanza hizo. Mimi nilifanya nilipokuwa silali usiku na kwenda sokoni nasimama mara tatu njiani.

Swali kutoka Changamwe: Ati chuma chalia kwenye mashine ya ukaguzi pale stesheni ya treni ya SGR Miritini, ni kweli?

Jibu: Chaweza kulia ndiyo. Sema mapema una goti la chuma. Mimi nilivuta buibui kidogo nikamuonyesha yule askari wa kike kovu, akaniambia na mamake alifanya.

Swali kutoka Likoni: Ma mkubwa mimi ndo wiki ya nane, naogopa feri. Wewe ulivuka lini?

Jibu: Wiki ya tisa, kumuona dadangu yule wa mto. Usiende asubuhi saa ya watu kazini wala jioni, ule umati haukungoji. Fimbo shika hata kama huihitaji, watu wakiiona wanakupisha. Na utazame maji dadangu, yakikupwa ule mteremko wa kuingilia feri wasimama kama paa la nyumba na sakafu yateleza, yakijaa ni karibu sawa. Mimi mara ya kwanza nilimtuma mjukuu atangulie, nimekaa nyumbani nishavaa viatu, akapiga simu "nyanya yamejaa, njoo," ndo nikatoka.